Usonji: Acheni Kutuambia "Akitulia Mrudisheni"



Ndugu zetu Waislamu wa Nsambya, Kibuli, Kabalagala, Makindye na popote mnapotusoma, kuna neno limezoeleka misikitini na madrasani mwetu. Mzazi anamleta mtoto wake asiyezungumza, au anayezungumza peke yake, anayetikisa mikono bila sababu inayoonekana, anayeziba masikio spika ikilia. Anaambiwa kwa upole kabisa: "Mpelekeni kwanza akatibiwe. Akitulia mrudisheni." Anayesema hivyo anajiona ametoa nasaha. Anayeambiwa anajua amefukuzwa. Mtoto wa namna hii hatatulia kama wanavyotaka wao, si mwezi ujao wala mwaka ujao, kwa hiyo siku ya kurudishwa haitafika.

Makala haya tumeyaandika kulipinga neno hilo. Hatuliandikii hewani. Tumesikia kamati ya msikiti mmoja, ambao hatutautaja jina, imekaa kikao na kukubaliana kwamba watoto "wasumbufu" wasiletwe wakati wa tarawehe. Usonji haukutajwa. Haukuhitaji kutajwa, kwa sababu kila mama aliyehusika alijua anasemwa nani. Matokeo yake ni kwamba mama haji tena, kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto. Na baba naye ameanza kuonekana Ijumaa moja na kukosekana mbili. Mlidhani mmemzuia mtoto mmoja, kumbe mmeifunga nyumba nzima.

USONJI NI NINI?

Wengi wetu hapa Kampala neno hili ni geni. Mtaani mtoto asiyesema ataitwa "kasiru", na mwenye vituko ataitwa mwendawazimu, mambo yakaishia hapo. Usonji si wazimu, wala si maradhi ya kuambukiza, wala si adhabu ya dhambi za wazazi. Ni namna ubongo unavyokua tangu mapema kabisa, ikamfanya mtu awasiliane, ahisi na ashirikiane na wenzake kwa njia tofauti. Mmoja hasemi neno hata akiwa na miaka kumi. Mwingine amehifadhi juzuu kadhaa lakini hawezi kukutazama usoni. Mmoja anaumizwa na sauti ambayo wewe huisikii hata kidogo. Mwingine akibadilishiwa njia ya kwenda nyumbani analia kama aliyefiwa.

Na jambo hili halimalizikii utotoni. Mtoto mwenye usonji hukua akawa kijana mwenye usonji, kisha mzee mwenye usonji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, msikiti wa watu 500 siku ya Ijumaa ungekuwa na watu kama wanne. Basi jiulizeni: kama hamuwaoni, wako wapi?

Msiseme haya ni mambo ya Wazungu. Dkt. Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walifanya utafiti wa nyumba kwa nyumba hapa hapa Uganda, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014. Waliwapima watoto 1,169 wa umri wa miaka 2 hadi 9 kwa maswali 23 waliyoyatengeneza kwa mazingira yetu, kisha madaktari wakawachunguza zaidi waliotiliwa shaka pamoja na sehemu ya wengine. Watoto 68 walikutwa na tatizo moja au zaidi la ukuaji wa ubongo na fahamu, la kiwango cha kati hadi kikubwa, na kati yao 8 walikuwa na usonji. Watoto hao walikuwa majumbani mwao, mitaa ile ile tunayoishi. Hawakuletwa na ndege.

UTAFITI UNATUAMBIA NINI KUHUSU NAFSI ZAO?

Hapa ndipo tunapotaka kila mwanakamati asome taratibu.

Mwaka 2019 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu afya ya akili ya watu wenye usonji. Walikuta kwamba takriban watu 20 katika kila 100 wana maradhi ya wasiwasi, na 11 katika kila 100 wana sonona, yaani huzuni nzito inayomlemaza mtu. Mwaka 2014, Uingereza, watu wazima 374 waliokuwa wametambuliwa ukubwani kuwa na aina ya usonji iliyokuwa ikiitwa Asperger waliulizwa kama wamewahi kufikiria kujiua. Watu 66 katika kila 100 walisema ndiyo. Mwaka 2016, watafiti wa Sweden walioangalia kumbukumbu za watu zaidi ya 27,000 wenye usonji walikuta kwamba waliofariki walikuwa wamefariki, kwa wastani, miaka 16 kabla ya wengine. Miongoni mwa sababu zilizozidi kwao ni kujiua.

Laa hawla walaa quwwata illaa billaah. Hizi ni roho za watu, ndugu zetu.

Sasa, ni usonji wenyewe unaomwambia mtu afe? Watafiti walipochunguza zaidi, katika kazi iliyotolewa mwaka 2018, waliona mambo mawili yakihusiana na fikra za kujiua. La kwanza ni kukosa msaada ambao mtu anauhitaji. La pili ni kujificha. Maana yake ni kwamba mtu anajilazimisha mchana kutwa kuonekana kama wengine. Anajilazimisha kutazama watu machoni ingawa inamuumiza. Anaikamata mikono yake isitikisike. Anacheka wenzake wakicheka. Jioni anarudi nyumbani amechoka mpaka ndani ya mifupa, na hakuna aliyemjua hata mmoja, kwa sababu waliyemwona si yeye.

Rudini sasa kwenye lile neno letu: "Akitulia mrudisheni." Linamwambia nini mtoto yule na mama yake? Linamwambia kwamba mlango wa nyumba ya Mwenyezi Mungu utafunguliwa siku atakapojificha vizuri. Tunamwekea sharti la kuingia, na sharti lenyewe ni lile lile ambalo utafiti umelikuta likienda pamoja na watu kutamani kufa. Hapa hatuwezi kunyamaza, hata kama anayelisema neno hilo ni mzee wetu tunayemheshimu.

NA WAZAZI JE?

Ndugu zetu wa mwambao wa Kenya wametutangulia katika kuliuliza swali hili. Joseph Gona, Amina Abubakar na wenzao walizungumza na wazazi na wataalamu 103 wa Kilifi na Mombasa, wakachapisha mwaka 2015 na 2016. Walipouliza chanzo cha usonji walitajiwa majini, uchawi na laana, na pia walitajiwa maradhi, matatizo ya uzazi na kurithi. Mchanganyiko huo huo mtausikia Nsambya. Walipouliza mzigo mkubwa ni upi, wazazi walitaja kunyanyapaliwa, kukosa matibabu yanayofaa, gharama, na uchovu wa kulea bila kupokezana. Na walipouliza wanapata wapi nguvu, miongoni mwa waliyoyataja ni kupata mtu wa kuwapokea mtoto kwa muda, maneno ya kufarijiana, na ibada.

Zingatieni hilo la mwisho. Ibada ni moja ya nguzo zinazomshikilia mama huyu asianguke. Ukimfungia msikiti umeing'oa nguzo hiyo, halafu kesho unashangaa kumsikia mama fulani amelazwa kwa presha, au ameachwa na mume, au amehama dini.

Sasa tuzijibu hoja zao moja baada ya moja.

HOJA YA KWANZA: "HUYO ANA JINI, ASOMEWE KWANZA"

Hatukanushi kuwepo kwa majini. Hilo ni katika imani yetu. Wala hatukanushi ruqya. Kumsomea mgonjwa Qur-aan na kumwombea dua ni jambo la sheria, na mtoto mwenye usonji anasomewa kama anavyosomewa mtoto mwenye malaria. Tunachokanusha ni mambo matatu.

Moja, kudai ujuzi wa ghaibu. Nani alikwambia kwamba kila asiyesema amekaliwa na jini? Umelionea wapi? Daktari aliyesomea kazi hii anakaa na mtoto na wazazi wake, anauliza, anatazama, anapima masikio, ndipo anasema. Wewe umemtazama kwa dakika mbili mlangoni ukatoa hukumu.

Pili, mateso yanayovishwa kanzu ya ruqya. Kumchapa mtoto ili "jini litoke", kumfunga kamba, kumnyima chakula, kumfukiza moshi mpaka anakohoa, hayo hayana asili katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Mtoto asiyeweza kusema "inauma" ndiye anayestahiki kuhurumiwa zaidi.

Tatu, biashara. Wapo wanaolipisha mzazi maskini fedha za kisomo kila wiki, miaka inapita, wakimwahidi kwamba jini limebaki kidogo tu. Na si Waislamu peke yao wenye biashara hii. Mwaka 2019 magazeti ya Uingereza yalifichua kwamba hapa Uganda watu wengi masikini walikuwa wakigawiwa "dawa ya miujiza", kumbe ni kemikali ya viwandani ya kufanyia vitu viwe vyeupe. Kemikali hiyo hiyo Marekani na Uingereza imewahi kuuzwa kwa wazazi kuwa ni tiba ya usonji, na mamlaka za dawa zikaionya jamii. Mzazi aliyekata tamaa ni windo rahisi. Sisi watu wa dini tunapaswa kumkinga na wawindaji, wala tusijiunge nao.

Na tusimtwishe mama lawama. Katikati ya karne iliyopita, wasomi wakubwa wa Ulaya na Marekani walisema usonji unasababishwa na mama asiye na upendo. Wakawaumiza akina mama wengi, kisha elimu yenyewe ikaja kuonesha kwamba walikosea. Mwaka 1998 likaja jambo jingine, la makala iliyochapishwa Uingereza kuhusu watoto 12, ikauhusisha usonji na chanjo ya surua. Makala hiyo ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010, baada ya uchunguzi kuonesha udanganyifu. Hata hivyo bado mtaani mama anaulizwa: "Ulimchoma sindano gani?" Muogopeni Mwenyezi Mungu kwa mama huyu.

HOJA YA PILI: "ANATUHARIBIA KHUSHUU"

Hoja hii inatolewa na watu wanaopenda swala, na tunawaheshimu kwa hilo. Lakini wao wanamfuata nani katika swala? Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiswalisha na akasikia mtoto analia, alikuwa akiifupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Hakutoa tangazo kwamba mama huyo asije tena. Aliswali amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumchukua tena anaposimama. Mjukuu wake mwingine alimpanda mgongoni akiwa kwenye sijda, akairefusha sijda mpaka mtoto alipomaliza haja yake.

Na kikubwa zaidi ni kisa cha bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume. Yule alikuwa mtu mzima, na alichofanya ni najisi ndani ya msikiti mtukufu. Masahaba walimrukia. Mtume (s.a.w.) aliwazuia, akamwacha amalize, akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale, kisha akamweleza kwa upole misikiti imejengwa kwa ajili ya nini. Ndugu mwanakamati, mtoto wetu hajafanya hata robo ya hayo. Ametikisa mikono na kutoa sauti. Kama bedui yule alipata ndoo ya maji na maneno mazuri, kijana huyu wa Nsambya anakosa nini?

HOJA YA TATU: "HANA AKILI, KALAMU IMENYANYULIWA, YA NINI KUMSOMESHA?"

Ni kweli sheria yetu imewaondolea hesabu watu wa aina tatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na asiye na akili mpaka akili imrudie. Lakini hii ni rehema aliyopewa mja. Wewe umeigeuza kuwa kufuli. Kuondolewa hesabu si kuondolewa haki. Halafu nani amekwambia kwamba mwenye usonji hana akili? Wapo wenye usonji ambao pia wana upungufu wa akili, na wapo wengi wasio nao. Mtu kutosema hakuna maana kwamba haelewi. Mtafiti mmoja wa Uingereza, Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Yeye hatuelewi sisi, na sisi vile vile hatumwelewi yeye. Lakini aibu yote tumemwachia yeye peke yake.

Tuitazame Surat Abasa. Mtume (s.a.w.) alikuwa ameshughulika na wakubwa wa Makureshi akitaraji wasilimu, akaja Ibn Umm Maktum, kipofu, akitaka kufundishwa. Mtume alikunja uso, na yule kipofu hata hakuuona uso huo. Mola wake akateremsha sura ya kumuonya, inayosomwa mpaka Kiyama. Kisha kipofu huyo akawa muadhini, na Mtume akawa anamwachia Madina anaposafiri. Ikiwa kukunja uso mbele ya asiyeona kulileta onyo kutoka mbinguni, azimio la kikao lenye mhuri lina hali gani?

Na yupo mwanamke wa Madina ambaye katika akili yake mlikuwa na jambo. Alimwambia Mtume kwamba ana haja naye. Mtume (s.a.w.) akamwambia achague njia yoyote aitakayo, akasimama naye hapo mpaka akamaliza haja yake. Haya yamepokewa katika Sahihi Muslim. Mkuu wa dola, mwenye majeshi na wajumbe, alisimama njiani kumsikiliza mtu ambaye wengine wangempita. Tunauliza: ni imamu gani kati yetu amesimama mara ya mwisho kumsikiliza mtu wa namna hii mpaka amalize?

HOJA YA NNE: "HATUNA WATAALAMU WALA FEDHA"

Hii ndiyo hoja inayotajwa sana, na ndiyo inayobomoka haraka zaidi.

Ni kweli wataalamu ni wachache. Na ni kweli hata huko kwenye fedha nyingi, fedha hazikwenda panapohitajika. Uingereza, ripoti ya mwaka 2013 ilionesha kwamba katika fedha za utafiti wa usonji, 56 katika kila 100 zilikwenda kwenye biolojia, ubongo na fahamu. Huduma kwa watu wenyewe zilipata 5, na mambo ya jamii yakapata 1. Walipoulizwa wenye usonji, familia zao na wanaowahudumia mwaka 2016 ni utafiti gani wanautaka kuliko wote, walichoweka namba moja ni huu: nini kinasaidia afya ya akili ya watu wenye usonji? Wenyewe walitanguliza swali la kuishi vizuri.

Sasa sikilizeni. Shirika la Afya Duniani na washirika wake wametengeneza mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshi wa ukuaji, ukiwemo usonji. Ni vikao 9 vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3. Na vimetengenezwa ili viendeshwe na watu wasio mabingwa: muuguzi, mwalimu, mfanyakazi wa jamii, hata mzazi aliyefunzwa. Mafunzo hayo yamefanyiwa kazi katika nchi nyingi, zikiwemo majirani zetu Ethiopia na Kenya. Mzazi anafunzwa kucheza na mtoto, kumwelewa anachotaka kabla hajalia, kumfundisha jambo moja moja, na kuitunza nafsi yake mwenyewe.

Vikao tisa! Sisi tunaendesha darsa miaka nenda miaka rudi. Tuna kumbi, mikeka, walimu, akina mama wanaojua kujipanga kwa maulidi na harusi na matanga. Tukose chumba kimoja na asubuhi tisa za Jumapili?

Tazameni kilima chetu. Mwaka 1903 masista wa Kikatoliki waliokuja na Mama Kevin walianza kutibu watu hapa Nsambya, na leo hospitali yao inatibu watu wa kila dini, Waislamu tukiwemo. Hatulisemi hili kwa wivu, tunawashukuru. Lakini tangu lini umma huu ukawa wa kungojea? Damascus ilikuwa na hospitali ya Nur al-Din tangu 1154, na Cairo ilikuwa na ya Qalawun tangu 1284, ambazo zilikuwa na sehemu za wagonjwa wa akili, waliotibiwa kwa gharama ya wakfu. Hata siku ya usonji duniani, tarehe 2 Aprili, iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007 kwa pendekezo la Qatar, nchi ya Kiislamu. Waislamu wameliwahi jambo hili, ila sisi wa mtaa huu ndio tuliochelewa.

Na mjue kwamba sheria ya nchi nayo imesema. Uganda iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza kuwabagua. Haipendezi Muislamu akumbushwe uadilifu na bunge ilhali ameshakumbushwa na Mola wake.

TUNATAKA NINI?

Kulaumu bila kuelekeza ni nusu ya kazi. Haya ndiyo tunayoyataka, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

1. Kila msikiti utenge pembe karibu na mlango, mbali na spika, ambapo mzazi anaweza kuswali na mtoto wake na kutoka nje bila kuvuka safu. Spika za ndani zipunguzwe. Wazee wenye presha nao watashukuru.

2. Madrasani mwalimu atoe agizo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache. Ratiba ichorwe ukutani kwa picha: udhu, kusoma, mapumziko, kwenda nyumbani. Mtoto aelezwe mapema kinachokuja. Aliyezidiwa na kelele aruhusiwe kutoka apumue, arudi. Na fimbo iwekwe mbali. Mtoto anayeogopa hasomi, huyu wala mwingine.

3. Akina mama wapange zamu. Siku mmoja anamshika mtoto, mwenzake anaswali tarawehe kwa utulivu, kesho wanabadilishana. Wazazi wa kambi ya polisi, ambao baba yuko kazini usiku, wakumbukwe zaidi.

4. Hutuba moja kila mwaka, Ijumaa iliyo karibu na tarehe 2 Aprili, izungumzie usonji. Ikatazwe hadharani kumwita mtoto wa mwenzako kasiru au wa majini. Baraza Kuu la Waislamu Uganda linapowafunza maimamu, somo hili liwemo.

5. Sadaka ya msikiti isaidie nauli ya familia maskini kumpeleka mtoto kwa wataalamu. Aliye fakiri miongoni mwao ana haki yake katika zaka, si kwa usonji wake bali kwa ufakiri wake.

6. Vijana na watu wazima wenye usonji wasisahauliwe. Wapewe kazi wanayoiweza: kupanga misahafu, kuandika hesabu, kutunza vifaa. Na mmoja wao, au mtu yeyote, akitamka kwamba amechoka kuishi, usianze kwa kumtishia moto. Tunajua kujiua ni haramu, na yeye pia anajua. Msikilize. Usimwache peke yake. Ondoa vitu vya hatari. Nenda naye hospitali. Mulago na Butabika wapo wanaotibu maradhi ya nafsi. Kuokoa roho ni ibada.

KWA NDUGU ZETU WA KAMATI

Hatukuandika haya kuwavunjia heshima. Mmejenga msikiti kwa jasho lenu, mnalipia maji na umeme, mnavumilia maneno ya watu. Mola awalipe. Lakini msikiti si mali ya kamati, na azimio mlilopitisha linamzuia mgeni wa Mwenyezi Mungu asiingie nyumbani Kwake. Tunawaomba mlifute kabla ya kuingia Ramadhani. Lifuteni kwa tangazo lililo wazi baada ya swala ya Ijumaa, kama lilivyosikika lile la kwanza, kisha watu wawili kati yenu waende nyumba kwa nyumba kwa familia zilizoacha kuja. Msiwapigie simu, nendeni kwa miguu yenu.

Na kwenu wazazi wenye watoto hawa: msingoje ruhusa. Mtoto wenu ni Muislamu, ameadhiniwa sikioni siku aliyozaliwa, na msikiti ni wake kama ulivyo wa imamu. Mleteni. Atakayewauliza, mwambieni mmetumwa na walimu wa madrasa.

Ewe Mola wetu, zipe subira na wepesi familia hizi, laini nyoyo zetu, na usitujaalie kuwa sababu ya mja Wako kuichukia nyumba Yako.

Wabillahi tawfiyq.